Raha Ndogo za Nyumba, na Kitabu cha Utubora

 

Miezi iliyopita tumeongea sana mambo mazito: mgao, karatasi, malaria, ada ya shule. Wasomaji wengine wametuambia wazi, "Ninyi watu wa gazeti, shida tunaziona wenyewe. Hamna hata neno moja la kufurahisha?" Ni kweli. Basi mwezi huu tuongee juu ya raha. Si raha za wenye magari na nyumba za ghorofa, hapana. Tunataka kuongea juu ya raha ndogo za nyumbani, zile zinazopita kila siku mbele ya macho yetu bila kusalimiwa. Na pamoja nazo tutaongea juu ya riwaya moja tunayoipenda, ambayo mwaka huu imetembea nyumba kwa nyumba mtaani kwetu na kuleta mabishano matamu.

Raha tunazozijua wote

Hebu tuhesabu pamoja. Kuna saa ile ya asubuhi kabla jua halijapanda. Mtu wa kwanza kuamka anapuliza moto, na wengine wakiwa bado kwenye mkeka wanasikia harufu ya moshi. Wanajua siku imeanza na mwenzao yupo. Kuna chai ya tangawizi, hata kama sukari ni nusu kijiko. Kuna mvua ya usiku juu ya bati, wakati mama amekwisha kupanga bidoni na sufuria zote chini ya paa, na kila mtu anajua kesho hakuna foleni ya maji.

Kuna sombe. Tuanze na sauti ya mchi. Majani yanatwangwa mpaka yalainike kabisa, kisha yanachemka muda mrefu, sufuria ikiwa wazi, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu na haraka haifai. Ndipo mawese yanaingia, na ndagala kama ipo. Jirani akisikia ile harufu anakuja kuomba chumvi ambayo kwake haijaisha.

Kuna kusukana nywele Jumamosi mlangoni: mmoja anasuka, mmoja anasukwa, na wawili wengine kazi yao ni kusema tu. Kuna ukuta uliopakwa udongo upya, ungali na unyevu, na mtoto anaacha alama ya mkono wake pale ambapo alikatazwa. Kuna mtoto anayesoma kitabu cha shule kwa sauti na nyanya yake asiyejua Kiingereza anaitikia kichwa kama mkaguzi.

Na kuna jioni, majina yanapoitwa. "Fulani! Rudi nyumbani!" Na mtoto anaitika kutoka mbali. Unawahesabu, wote wapo. Kwa mtu ambaye aliwahi kutembea usiku na watoto barabarani, akiwahesabu kwa kuwashika vichwa gizani, hiyo haiwezi kuitwa raha ndogo. Kuna wenzetu ambao hesabu yao haikutimia mpaka leo. Kwa ajili yao pia tusizidharau jioni hizi.

Nyumba ya kungoja

Sasa tuseme linalotusumbua. Kati yetu kuna ugonjwa ambao hautibiwi hospitalini. Sisi tunauita nyumba ya kungoja. Ukiingia kwa mtu unakuta ukuta haujasiribwa ndani. Ukiuliza, anajibu, "Ya nini? Sisi ni watu wa kuondoka." Mwembe haukupandwa, kwa sababu tutaondoka. Meza haikutengenezwa, kwa sababu tutaondoka. Watoto hawafundishwi nyimbo za bibi yao, kwa sababu tutaimba tukifika. Kuna watu walioanza kusema hivyo miaka 20 iliyopita. Mtoto aliyekuwa mgongoni wakati ule, leo ana mtoto wake mgongoni.

Hatumcheki mtu. Kila mmoja ana jambo analolingoja, na ana haki ya kulingoja. Mwingine anangoja amani Kivu, na mnajua wenyewe habari zilivyokuwa mwaka 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, na ndugu wapya wakaanza kufika hapa na mafurushi. Mwingine alikuwa anangoja ndege. Januari hiyohiyo Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Kuna familia zilizokuwa zimekwisha kuuza sufuria, vitanda na kuku, wamebaki na mabegi yaliyofungwa. Walirudi kukaa katika nyumba tupu, wakapika kwa chungu cha kuazima.

Kwa hiyo tunauliza: mtu akingoja, je, lazima nyumba nayo ingoje? Swali hilo ndilo lililotufikisha kwenye kitabu.

Riwaya yenyewe

Kitabu kinaitwa Utubora Mkulima. Aliyekiandika ni Shaaban Robert wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Kitabu kilichapishwa mwaka 1968, miaka 6 baada ya kufa kwake. Wengine wenu mlisoma Kusadikika au Adili na Nduguze shuleni. Huyu ni mtu yuleyule.

Hadithi, kwa ufupi, ni hii. Utubora ni mtu mwenye kazi ya mshahara mjini. Kazi safi, ya watu waliosoma. Anaiacha. Haachi kwa sababu amefukuzwa. Anaacha kwa sababu anaona maisha anayoyataka hayako pale. Anakwenda kijiji kiitwacho Busutamu, anashika jembe, anaishi kwa jasho lake na kwa wema kwa majirani. Kuna mambo ya mapenzi na uchumba ndani yake pia, lakini hayo hatuyasimulii, tusije tukawaharibia utamu wale ambao zamu yao bado.

Majina mnayasikia wenyewe. Utubora ni utu bora, na Busutamu ni busu tamu. Ndiyo desturi ya mwandishi huyu, watu wake na nchi zake huvaa tabia zao kama nguo. Vijana wengine wanaona hiyo ni mambo ya kizamani. Watoto wadogo wanaipenda sana. Katika nyumba moja watoto walikaa jioni nzima wakiwapa majirani majina ya namna hiyo, mpaka baba akawanyamazisha walipofikia jina la mwenye duka.

Jambo moja lilitushangaza. Aliyemsifu mkulima hivyo, mwenyewe alikuwa mtu wa kalamu na meza. Shaaban Robert aliingia kazi ya karani katika idara ya forodha ya serikali ya kikoloni mwaka 1926, akakaa humo mpaka mwaka 1944, kisha akafanya kazi katika ofisi nyingine za serikali. Miaka mingi ya mihuri na faili. Labda ndiyo maana aliandika habari za shamba kwa hamu namna ile. Mtu aliyekaa ofisini mchana kutwa anajua vizuri thamani ya kivuli cha mti wake mwenyewe.

Jinsi tunavyokisoma

Nakala ni moja tu. Ililetwa na mwalimu mzee aliyetoka Uvira, ndani ya begi lililobeba pia shuka mbili na cheti chake cha ualimu. Jalada lilipotea njiani. Sasa kimevikwa karatasi ya mfuko wa saruji, iliyobandikwa kwa uji mzito wa muhogo. Kila nyumba inakaa nacho wiki moja. Mikono yenye mawese haigusi. Jumapili baada ya ibada kinahamia nyumba nyingine.

Kiswahili chake si chepesi kwetu. Ni Kiswahili cha Tanga, na sisi wengi wetu tumelelewa katika Kiswahili cha Kivu, na majirani wengine wanakuja na Kirundi na Kinyarwanda chao. Lakini hapo ndipo raha ilipo. Mtoto anasoma, anakwama kwenye neno, anasema, "Hii neno ni nini?" Baba hajui na anajifanya anafikiri. Anaulizwa mzee wa nyumba ya pili, naye anatoa maana, na pamoja na maana anatoa kisa kizima cha mwaka ambao yeye alilisikia neno lile kwa mara ya kwanza akiwa kijana kwenye meli ya Kigoma. Kurasa tatu zinachukua saa mbili. Hakuna anayelalamika, isipokuwa mwenye taa.

Wazazi wengine wanauliza faida ya kusoma Kiswahili iko wapi, wakati shule hapa ni Kiingereza. Tunajibu kwa ufupi. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mwaka huohuo baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Mtoto wako akiondoka hapa kwenda mashariki au magharibi ya ziwa, lugha hiyo itatangulia mbele yake. Na hata kama isingekuwa hivyo, ni lugha ambayo mama yake anamwombea nayo. Hiyo peke yake inatosha.

Mabishano

Kitabu kilipofika nyumba ya tano, kijana mmoja wa miaka 19 alikifunga katikati ya ukurasa akasema, "Huyu Utubora alichagua. Sisi tulikimbizwa. Yeye aliacha mshahara, sisi mshahara tungeutafuta wapi? Mutu asinisomee raha ya jembe, mimi ninalima kiwanja ambacho nikitema mate yanaangukia kwa jirani."

Watu walinyamaza. Kijana alisema kweli, na sisi tunaandika hapa kwamba alisema kweli. Wazazi wake walikuwa na mashamba huko Fizi, ya muhogo na ya karanga, na michikichi waliyoirithi. Hapa familia inalima kipande kidogo, na watu wanazidi kuongezeka. Mwaka 2023 mgao wa chakula hapa Uganda uligawanywa kwa makundi matatu kufuatana na hali ya familia. Mwaka 2025 watu wengi wakaondolewa kabisa kwenye orodha. Mtu asije akachukua kitabu hiki akawaambia wenye njaa kwamba umaskini ni mzuri. Njaa haina raha yoyote ndani yake. Anayesema hivyo ameshiba.

Akafuata mama mmoja, mwenye watoto 6, ambaye alikuwa anasikiliza huku anachambua maharage. Yeye hakubishana na kijana, alitubisha sisi sote. Alisema, "Mimi ninapenda huyu Utubora. Lakini munasifu raha ya nyumba, raha ya nyumba, na ni nani anayeitengeneza? Moto munaousifu, nani anaupuliza? Mvua ikikosa, nani anasimama kwenye foleni ya maji saa kumi na moja ya asubuhi? Kama raha ya watu wanane inatoka kwenye mgongo wa mtu mmoja, kwa huyo mmoja ni kazi tu." Wanaume waliokuwepo walitazama chini. Wasichana walitazamana.

Mwisho alisema nyanya mmoja, ambaye tulidhani amelala. Alituuliza kama tunaikumbuka methali ya mgeni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Akasema, "Watu wanafikiri ni methali ya kumfukuza mgeni. Hapana. Ukimpa jembe umemwambia: wewe si mgeni tena, kaa na sisi, ule ulichopanda. Mimi nimekuwa hapa siku ngapi? Nilijipa jembe mwenyewe." Na ni kweli, mparachichi ulio nyuma ya nyumba yake aliupanda mwaka ule wa kwanza alipofika, watu wakamcheka. Leo watoto waliomcheka wanapeleka wake zao kuomba maparachichi.

Tunavyoona sisi

Baada ya kusikiliza wote, sisi wa ukurasa huu tunasema hivi. Utubora hatufundishi kuridhika na kunyimwa. Anatufundisha kwamba mahali unapolala leo na kazi ya mikono yako leo vinastahili heshima yako leo. Yeye angeweza kusema, nitaishi vizuri nikipata zaidi. Hakungoja. Sisi tunaweza kungoja amani, tunaweza kungoja ndege, tunaweza kudai haki zetu ofisini kila siku ya kazi, na jioni bado tukarudi kwenye nyumba iliyosiribwa.

Wengine wanaogopa kwamba wakiipenda nyumba ya hapa, wataisahau ya kule. Sisi tumeona kinyume chake. Mtoto aliyezaliwa hapa, asiyejua Tanganyika ni bluu namna gani, ataijua nyumba ya kwao kwa njia ipi? Ataijua kwa sombe inavyonukia kwa mama yake. Ataijua kwa namna mnavyoitana jioni na mnavyomkaribisha jirani. Siku ya kurudi, akikuta mambo yaleyale kule, atasema, "Kumbe ni kwetu." Lakini kama nyumba ilimngoja miaka 20 bila kufanya lolote, atafika kwao kama mgeni wa siku ya kwanza.

Na kwa yule mama wa watoto 6 tunaongeza: raha ya nyumba igawanywe kama kazi yake inavyogawanywa. Wavulana wana mabega, bidoni haiulizi kama aliyeibeba ni wa kike.

Mambo manne ya mwezi huu

Kama ilivyo kawaida yetu, hatupendi kuongea tu. Jaribuni haya, yote au moja.

La kwanza, jioni ya kusoma. Mara mbili kwa wiki, nusu saa, taa moja, kitabu chochote cha lugha mnayoielewa wote. Msomaji abadilike kila ukurasa. Mwisho aulizwe kila mtu swali moja tu: wewe ungefanyaje? Kama hakuna kitabu, mzee asimulie. Hadithi haikosekani kwa mtu aliyeishi.

La pili, bustani ya gunia. Chukueni gunia kuukuu, weka katikati mawe madogo kama nguzo kutoka chini mpaka juu, na udongo uliochanganywa na samadi pembeni. Toboeni matundu ubavuni, pandeni lengalenga, sukuma na vitunguu. Maji ya kuoshea mboga yanatosha kumwagilia, mimina juu ya mawe yashuke taratibu.

La tatu, maharage yalowekwe usiku. Asubuhi mwaga yale maji, weka mapya. Yanaiva mapema zaidi na kuni zinabaki. Kuni zilizobaki ni chai ya jioni ya kusoma.

La nne, zamu ya maji na zamu ya moto. Ziandikwe ukutani kwa mkaa, majina yote, pamoja na la baba.

Tunamaliza kwa kuwaomba mtuandikie. Swali letu la mwezi huu ni hili: ni raha gani moja ya nyumbani kwenu ambayo hamtaki mwaka huu upite bila kuwarithisha watoto? Andikeni mistari michache, kwa Kiswahili chochote mlicho nacho, mpeleke kwa mjumbe wa gazeti mtaani kwenu. Asiyejua kuandika amtume mtoto wake amwandikie, hiyo nayo ni raha mojawapo. Majibu tutayachapa mwezi ujao.

Wale wa zamu ya kitabu, nyumba ya tisa sasa ndiyo inayosoma. Nyumba ya kumi, oshe mikono na mujitayarishe.



Ni sisi, wa Ukurasa wa Nyumba.